Bahasha za Wisconsin na za Rungwe: bakodi ya posta anaisoma nani?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu muhtasi wa kituo chenye zahanati na hosteli ya wasichana hapa Tukuyu. Wafadhili wetu wengi wako Wisconsin, Marekani, na kila mwisho wa mwaka tunawatumia barua za shukrani. Zamani mzungu mmoja wa kujitolea alitutengenezea faili la bahasha kwenye Word ya zamani. Ukichapa, juu ya anwani ilikuwa inatokea mistari midogo, mingine mirefu mingine mifupi. Kompyuta ile imekufa, tumenunua nyingine, na kwenye Word hii mpya kisanduku cha ile mistari sikioni. Mhasibu anasema bila ile mistari, yaani bakodi, barua zitachelewa. Nimepakua fonti ya bakodi mtandaoni, inatoa mistari, ila sijui kama ni sahihi. Je, naweza pia kuweka bakodi kwenye barua za wazazi wa Rungwe, Kyela na Mbeya mjini ili Posta wazifikishe haraka? Na zile bahasha za zamani zilizobaki na mistari yake, tuzitupe?

JIBU: Marahaba dada, na ndaga fijo kwa swali. Nianze na la mhasibu, maana naona ndilo linalokukosesha raha. Barua yako haitachelewa kwa kukosa bakodi. Ikifika Marekani inapita kwenye mashine inayopiga picha anwani, inayasoma maandishi, kisha yenyewe inachapa bakodi pembeni chini, upande wa kulia wa bahasha. Mwombe mfadhili yeyote akutumie picha ya bahasha uliyomtumia mwaka jana. Kuna uwezekano mkubwa utaikuta mistari hiyo ambayo hukuiweka wewe.

Ile mistari ya faili lenu la zamani ilikuwa ni nini basi? Inaitwa POSTNET, na ni ya Posta ya Marekani, USPS. Ndani yake hakuna jina la mtu wala mtaa. Kuna namba ya ZIP tu, yaani postikodi yao, imeandikwa kwa mistari. Kila tarakimu inachukua mistari mitano, miwili mirefu na mitatu mifupi. Chukua 53703, ambayo ni ya Madison, mji mkuu wa Wisconsin. Tano ni fupi, refu, fupi, refu, fupi. Tatu ni fupi, fupi, refu, refu, fupi. Ukishamaliza tarakimu zote unazijumlisha: 5 na 3 na 7 na 0 na 3 ni 18. Unatafuta namba ya kuifikisha jumla kwenye kumi kamili inayofuata, hapa ni 2, nayo unaiandika kwa mistari mitano mwishoni. Hiyo ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Mwisho unaweka mstari mmoja mrefu mwanzoni na mwingine mwishoni, kuionyesha mashine inapoanzia na inapoishia. Jumla ni mistari 32. Kama ZIP ni ile ndefu ya tarakimu tisa, mistari ni 52, na wakiongeza tarakimu mbili za namba ya nyumba inakuwa 62.

Sasa unaweza kuipima mwenyewe fonti uliyoipakua. Andika 53703, iweke kwenye fonti hiyo, kuza ukurasa, uhesabu. Ukipata 25, fonti imegeuza ulichoandika kuwa mistari na kuishia hapo: haikuweka mistari ya mwanzo na mwisho, wala tarakimu ya ukaguzi haikukokotoa. Fonti haijui hesabu. Kazi yake ni kuchora herufi, na kama herufi imechorwa kwa umbo la mstari, inachora mstari. Kwa macho yetu itaonekana bakodi kamili, lakini mashine haitaelewa kitu.

Kuhusu kisanduku kilichopotea, hukubonyeza vibaya popote. Word za zamani, kama ya 2003, zilikuwa na sehemu ya kuweka alama kwenye mipangilio ya bahasha ili mistari hiyo itokee yenyewe kutokana na ZIP. Matoleo ya baadaye yakaiondoa. Huko Marekani nako, Januari 2013 USPS iliacha kutoa punguzo la bei kwa barua zenye POSTNET, ikataka bakodi mpya inayoitwa Intelligent Mail. Kwa hiyo unachokitafuta ni kitu kilichokwisha kazi hata kwao.

Kuna kijana atakuja kukuambia anaijua njia ya mkato: unabonyeza Ctrl+F9, inatokea mabano ya mawimbi, unaandika BARCODE \u na namba ya ZIP, unabonyeza F9, mistari inarudi. Ukifungua faili lenu la zamani na kubonyeza Alt+F9 utakuta pengine ndivyo yule mgeni wenu alivyofanya. Mshukuru kijana, usifuate. Zaidi ya kwamba mistari hiyo haina faida tena, kuna hatari ambayo kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini ni ya kweli kabisa. Postikodi za Tanzania nazo zina tarakimu tano. Mkoa wa Mbeya zinaanzia na 53, Songwe 54. ZIP za Wisconsin? Zinaanzia na 53 na 54. Wafadhili wenu wote wa Wisconsin, kwa tarakimu mbili za mwanzo, ni majirani zenu. Word haiulizi hiyo namba ni ya nchi gani. Ukiipa postikodi ya kata ya Rungwe kwenye bahasha ya kujibia, itakuchorea mistari inayosema Wisconsin bila kusita, na mfadhili akiitumbukiza kwenye sanduku la posta la kwao, unaiachia mashine ichague kati ya mistari na maneno. Kwa sababu hiyo hiyo, jina TANZANIA kwenye bahasha inayotoka nje kuja kwenu liandikwe kwa herufi kubwa mstari wa mwisho, peke yake.

Hiyo Intelligent Mail yenyewe ina mistari 65, na mistari yake ni ya aina nne: mrefu kamili, unaopanda juu, unaoshuka chini, na mfupi wa katikati. Inabeba tarakimu 20 za utambulisho, na ZIP ya hadi tarakimu 11. Katika zile 20 kuna namba ya aina ya huduma, kuna namba ya mtumaji ambayo USPS ndiyo inayoitoa, na kuna namba ya pekee ya barua hiyo. Tarakimu zote zinachanganywa kuwa namba moja kubwa, zinakokotolewa, ndipo mistari inapatikana. Huwezi kunyoosha kidole kwenye mstari fulani ukasema hii ndiyo tano, kama tulivyofanya kwenye POSTNET. USPS wanatoa bure fonti yake pamoja na programu ndogo ya kukokotoa, lakini bila namba ya mtumaji huna cha kukokotoa.

Na hata ukiwa nayo, unapata nini? Bakodi anayoichapa mteja ni makubaliano ya bei: mimi nimewapunguzia kazi ninyi, nanyi nipunguzieni gharama. Punguzo hilo wanalipata wanaotuma kwa wingi ndani ya Marekani, kuanzia barua 500 za daraja la kwanza au 200 za matangazo, kwa kibali na fomu zake. Wewe unalipa kaunta ya Posta hapa nchini, kwa shilingi. Fedha wanazodaiana Posta yetu na ya kwao kwa kufikishiana barua zinahesabiwa kati ya mashirika yenyewe, chini ya taratibu za Umoja wa Posta Duniani. Uweke mistari, usiweke, stempu ni ile ile.

Nguvu yako basi ipeleke kwenye anwani, maana ndiyo mashine itakayoisoma. Chapa kwa fonti ya kawaida, saizi 11 au 12, mistari yote ianzie kushoto. Jina, kisha namba ya nyumba na mtaa, kisha mji, herufi mbili za jimbo na ZIP kwenye mstari mmoja, halafu USA chini yake. Ile sehemu ya chini kulia iache nyeupe, upana wa kama sentimita 12 na kimo cha sentimita moja na nusu hivi kutoka ukingoni, kwa sababu hapo ndipo mashine yao itakapochapa. Nembo ya kituo, mstari wa Biblia, picha ya watoto wa hosteli, vyote vihamie juu kushoto au nyuma ya bahasha.

Kuna mazoea yetu moja yanayoleta shida huko: namba ya simu chini ya anwani. Kwetu ina maana sana, barua ikifika mtu anapigiwa, basi. Lakini mashine ya Marekani inatafuta mji na ZIP kwa kuanzia chini ya anwani kwenda juu, na tarakimu kumi zisizo na maelezo mahali hapo haziisaidii. Kwa barua za nje ifute.

Jambo jingine linalopoteza barua nyingi kuliko bakodi yoyote liko kwenye Excel. Kama orodha ya wafadhili unaitunza humo, angalia wale wa majimbo ya kaskazini mashariki. ZIP ya katikati ya Boston ni 02108. Excel ikidhani hiyo ni hesabu inakata sifuri, inabaki 2108, na bahasha inatoka na tarakimu nne. Watu wa Wisconsin hawakuonyeshi kosa hili kwa sababu namba zao zinaanzia na tano, kwa hiyo unaweza kukaa nalo miaka. Chagua safu nzima ya ZIP, ibadilishe iwe Text kabla ya kuandika, kisha zile zilizokwisha kukatwa zirudishie sifuri kwa mkono. Ukishaunganisha orodha na bahasha kwenye Mailings, bonyeza Preview Results uzipitie zote kwa macho kabla ya kutia karatasi kwenye printa.

Hukuuliza kuhusu bahasha za kujibia, zile mnazotia ndani ili mfadhili arudishe hundi, ila najua vituo vingi vinazo. Kama zinakwenda kwa mweka hazina wenu aliyeko Marekani, mwachie yeye azichapishe kwao. Anaweza kujisajili USPS akapata namba ya mtumaji bila kulipia, na mchapaji wa mji wake anajua pa kuweka mistari. Word ya zamani ilikuwa pia na alama iitwayo FIM-A, mistari mirefu ya wima juu karibu na stempu, ya kuisaidia mashine kuigeuza bahasha upande sahihi. Alama hiyo inakwenda pamoja na bakodi. Usiichore peke yake eti kwa sababu inapendeza.

Haya, turudi Rungwe.

Barua ya kawaida ya ndani ya nchi haihitaji mteja achape bakodi yoyote. Inahitaji S.L.P. iliyo sahihi na jina la mji wa sanduku hilo. Mzazi anayeishi kijijini na kupokea barua kupitia sanduku la shule au la kanisa, andika jina la mwenye sanduku pia, maana bahasha yenye jina la mzazi peke yake na sanduku la watu mia mbili inategemea huruma ya mtu. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, mitaa mingi ina jina, nyumba zina namba, na kila kata ina postikodi yake. Ongeza vitu hivyo kama unavijua: 53 kwa Mbeya, na tarakimu tatu zinazofuata zinashuka hadi wilaya na kata. Usikisie. Muulize mtendaji wa kata, au soma kibao.

Barua ambayo ni lazima ijulikane ilipo, kwa mfano yenye cheti au mkataba, ipeleke rejista au EMS, ile huduma ya haraka ya Posta. Hapo bakodi ipo, na ni ya Posta wenyewe: stika yenye herufi mbili, tarakimu tisa, na TZ mwishoni. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, kama ile 2 ya Madison, ila kanuni yake ni nyingine na inatumika dunia nzima. Stika inabandikwa kaunta na namba yake inaingizwa kwenye mfumo wakati huo huo. Niliwahi kuulizwa kwenye steshenari moja pale Mwanjelwa kama mtu anaweza kujitengenezea stika hizo kwa Word ili aokoe foleni. Mistari ataipata, maana ni bakodi ya aina iitwayo Code 128, ambayo Word inaichora vizuri tu. Lakini namba ambayo Posta haikuitoa haipo kwenye mfumo wao, na hakuna atakayeifuatilia.

Mahali ambapo bakodi ya Word inaweza kukufaa kweli ni ofisini kwako. Tuseme kila muhula mnawatumia wazazi fomu, na fomu zinatakiwa zirudi zikiwa na saini. Mpe kila mzazi namba, iwe kwenye safu ya Excel yenye jina fupi lisilo na nafasi katikati, mfano Namba. Kwenye barua, mahali unapotaka mistari, bonyeza Ctrl+F9. Ndani ya mabano yatakayotokea andika:

MERGEBARCODE Namba CODE128 \t

Hiyo \t inaweka namba yenyewe chini ya mistari ili na binadamu aisome. Ukitaka mraba wa QR unaosomwa na simu, badala ya CODE128 andika QR na uiondoe \t. Kwa barua moja moja, bila orodha, neno ni DISPLAYBARCODE, na namba inakaa ndani ya alama za kunukuu. Inahitaji Word ya 2013 au mpya zaidi. Mabano yale usiyaandike kwa vitufe vya kawaida vya kibodi. Yanafanana kabisa, lakini Word itayaona kama maandishi tu na kuyachapa kama yalivyo. Karibu kila anayenipigia simu kusema haifanyi kazi amekwama hapo.

Utashangaa kwamba katika aina zote ambazo amri hii inazijua, bakodi ya posta ni moja tu, JPPOST, ya Japani. Ya Marekani haimo. Anayetumia LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, naye ana QR na Code 128 kwenye menyu ya Insert, ila anaichora moja moja, haifuati orodha.

Iweke bakodi hiyo kwenye fomu yenyewe, bahasha iache. Bahasha inachanwa na kutupwa, fomu ndiyo inayorudi. Na kama hamna skana wala mpango wa kusoma kwa simu, achana nayo kabisa. Namba iliyochapwa wazi na kitabu cha dispachi vinatosha, na umeme ukikatika kitabu bado kinafunguka.

Kuhusu kuchapa, hali ya hewa ya Tukuyu ina neno lake. Bahasha zinazokaa wazi huko zinanyonya unyevu, gundi ya kifuniko inajishika yenyewe, na zikipita kwenye joto la printa ya leza zinajikunja au zinatoka na mikunyazi katikati ya anwani. Zitunze kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, toa za kutumia siku hiyo tu. Kama printa ina mlango wa nyuma, ufungue ili bahasha ipite moja kwa moja bila kupinda. Printa ya wino wa maji inaandika vizuri, lakini tone moja la mvua linaichafua ZIP yote, kwa hiyo kwa barua za nje nachagua leza. Bahasha za kaki ni imara, ila maandishi meusi juu yake hayatokezi kama kwenye nyeupe, na mistari ya bakodi ndiyo inayoumia zaidi. Kwenye dirisha la kuchapa hakikisha saizi uliyochagua ndiyo bahasha uliyotia. Bahasha ndefu ya kawaida ni DL, milimita 110 kwa 220. Ukiacha A4 na kuiambia printa ipunguze itoshe, mistari inabanana na skana haiisomi.

Hizo bahasha zilizobaki na mistari ya POSTNET msizitupe kama mfadhili bado anaishi pale pale. Mistari na maneno vinasema kitu kimoja. Kwa waliohama, mkibandika karatasi yenye anwani mpya, iwe kubwa ya kufunika na mistari pia. Anwani mpya ya Minnesota juu ya mistari ya Madison ni afadhali mchukue bahasha nyingine.